Tundu chini ya bakuli: jinsi ya kuyasoma mawe ya maji katika makanisa ya kale ya Uingereza

Katika kijiji cha Melbury Bubb, Dorset, kusini mwa Uingereza, kuna kisima cha ubatizo ambacho wanyama wake wote wamechongwa miguu juu, kichwa chini. Yumo kulungu, yumo simba, na katikati yao nyuzi za mawe zinajisokota kama nyoka. Mgeni huinamisha shingo, huipinda kulia, huipinda kushoto, na mwisho hukubali kwamba kilichopinduliwa ni jiwe lenyewe. Hiki ni kipande cha nguzo ya msalaba wa Waanglosaksoni, uliochongwa kabla Wanormani hawajaivamia nchi mwaka 1066. Msalaba ulipokwisha kazi, mtu alikichukua kipande, akakigeuza upande mnene ukawa juu, akachimba shimo, na watoto wakaanza kubatizwa humo. Nakshi hazikumshughulisha. Alikuwa anatafuta jiwe la kushika maji.

Mtu huyo ana la kutufundisha, maana sisi tunaoingia makanisa hayo leo, au tunaoyatazama kwenye picha, hukimbilia nakshi: simba huyu maana yake nini, ua hili la karne gani. Wakati huohuo ndani ya kanisa moja dogo la parokia kunaweza kuwa na mawe matatu au manne yenye shimo, moja karibu na mlango, jingine limezama ukutani kando ya altare, jingine limetupwa nje chini ya mti na kupandwa maua, na yote yanaitwa tu "mabakuli ya kale". Ukitaka kuyatofautisha, acha nakshi kwa muda. Ingiza mkono ndani, upapase chini, ujiulize: maji ya humu yalikuwa yanaishia wapi?

Kwanza tuelewane kwa majina. Kwetu wengine husema birika la ubatizo, wengine kisima cha ubatizo. Nitatumia kisima, ingawa kisima hiki hakichimbwi wala hakitekwi. Ni bakuli kubwa la jiwe juu ya mguu wa jiwe, urefu wake kiasi cha kiuno au kifua cha mtu. Kwa kawaida husimama upande wa magharibi wa kanisa, karibu na mlango, kwa kuwa ubatizo ndio mlango wa Ukristo. Chini yake kuna tundu lenye kizibo, na tundu hilo hushuka ndani ya mguu hadi ardhini.

La pili ni bakuli la maji ya baraka. Ni dogo, limechongwa ukutani barazani au mara tu unapopita mlango, mara nyingi upande wa mkono wa kulia, ili anayeingia achovye vidole na kujifanyia ishara ya msalaba. Hili halina tundu. La tatu ni pisina: kijishimo kama kibweta ndani ya ukuta wa kusini, karibu na altare, chenye kibakuli ambacho mara nyingi kimechongwa kama ua lililofunguka, na katikati ya petali zake pana tundu. Pisina bila tundu si pisina. Neno lenyewe ni la Kilatini, na maana yake ya asili ni bwawa la samaki, jambo ambalo linachekesha ukikiona kibakuli chenyewe kilivyo kidogo.

Kwa nini hili liwe na tundu na lile lisiwe nalo? Jibu liko kwenye imani ya Kanisa la zama za kati kuhusu maji. Maji yaliyokwisha kubarikiwa, au yaliyogusa kitu kitakatifu, hayakuruhusiwa kumwagwa ovyo njiani yakakanyagwa na mbuzi. Yalipaswa kurudi ardhini, tena katika ardhi ya kanisa. Padri alinawia mikono kwenye pisina wakati wa Misa, na baada ya komunyo alisuuza kalisi, kikombe cha divai ya Misa. Maji yale huenda yalibeba tone la Damu ya Kristo au chembe ya Mwili wake, kwa hiyo yalipita tunduni, yakashuka ndani ya ukuta hadi kwenye msingi. Wakatoliki wanaosoma hapa hawatashangaa: sakristia nyingine hadi leo zina sinki ambalo bomba lake halijaunganishwa na maji taka, linaingia moja kwa moja udongoni. Kazi ni ileile.

Maji ya baraka ya mlangoni yalikuwa na mwendo mwingine. Yalibarikiwa kila Jumapili pamoja na chumvi, yakachovywa na vidole vya watu wiki nzima, yakapungua yenyewe. Mfereji wa nini hapo?

Pisina ina hadithi ndefu kuliko udogo wake. Katika nusu ya pili ya karne ya 13, hasa siku za mfalme Edward I aliyetawala kuanzia 1272 hadi 1307, waashi walianza kuchonga pisina za mabakuli mawili kando kwa kando, moja la kunawia mikono na moja la maji ya kalisi. Utaratibu huo haukudumu. Ilipokuwa desturi padri kuyanywa mwenyewe maji ya kusuuzia kalisi, bakuli la pili lilikosa kazi, na waashi wakarudi kwenye moja. Ndiyo maana ukikuta pisina pacha, una tarehe mkononi hata kama hakuna mwaka wowote ulioandikwa.

Tena pisina ni shahidi. Ukiikuta katikati ya ukuta wa kusini, mbali kabisa na altare kuu, mahali ambapo leo pana mabenchi au rafu ya vitabu vya nyimbo, ujue hapo palikuwa na altare nyingine: labda ya chama cha kijiji, labda ya familia iliyolipia Misa za kuwaombea marehemu wao. Altare imeondoka, mishumaa imeondoka, sanamu imeondoka, tundu limebaki.

Mapengo ya ukingoni

Kisima cha ubatizo nacho kina alama moja ninayoipenda kuliko simba wote wa mawe. Maji yake hayakubarikiwa kila siku. Yalibarikiwa katika kesha la Pasaka na kesha la Pentekoste, kwa sala ndefu na mafuta ya krisma, kisha yakakaa humo majuma na miezi. Jiwe la sehemu nyingi za Uingereza hunyonya maji, kwa hiyo ndani ya bakuli lilitandikwa bati la madini ya risasi, na ukingo wa bati ukakunjwa juu ya ukingo wa jiwe.

Sasa, maji matakatifu yaliyokaa wazi kwa miezi, katika kanisa ambalo mlango wake haukufungwa mchana, ni kishawishi. Mwaka 1236 Edmund, askofu mkuu wa Canterbury, aliagiza visima vya ubatizo vifunikwe na kufungwa kwa kufuli kwa sababu ya uchawi. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu. Maji yenye nguvu ya kumtoa shetani kwa mtoto yangeweza kuibwa na anayetaka kuyatumia kwa shughuli zake.

Basi mafundi wakatoboa ukingo wa jiwe pande mbili zinazotazamana, wakaingiza pete za chuma, wakamimina risasi iliyoyeyushwa ili zishike, na ufito wa chuma ukapita juu ya mfuniko kutoka pete hadi pete. Karne zilipita, kufuli zikaacha kutumika. Chuma kilishika kutu na kuvimba, au mtu alikuja akaking'oa kwa nguvu, na kipande cha jiwe kikatoka nacho. Hadi leo visima vingi vya karne ya 12 na 13 vina mapengo mawili ukingoni, moja mkabala na jingine, au viraka vya jiwe jipya mahali pa mapengo hayo. Wenyeji watakuambia ni askari wa Cromwell, kiongozi wa jeshi la Bunge lililopigana na mfalme katika karne ya 17, waliovunja. Inawezekana. Lakini kama mapengo ni mawili na yanatazamana, na ndani ya moja bado kumebaki doa la risasi la kijivu, basi hicho ni kidonda cha kufuli.

Hofu hiyohiyo ya maji inaonekana hata pale mtoto alipobatizwa nyumbani. Mtoto aliyezaliwa mahututi aliweza kubatizwa papo hapo na mkunga, kwa maji ya chombo chochote. Lakini baadaye kanuni zilitaka maji yale yatupwe motoni au yapelekwe kanisani yamiminwe kwenye kisima, na chombo chenyewe kichomwe au kikabidhiwe kanisa kwa matumizi yake. Beseni la kuogea lilikuwa limeshabadilika. Halikuweza kurudi jikoni.

Na kwa nini mabakuli ya zamani ni makubwa hivyo, kiasi kwamba mtoto wa leo anayemwagiwa vijiko viwili vya maji anaonekana amepewa bahari? Kwa sababu walizamisha. Hata Kitabu cha Sala cha mwaka 1549, cha Kanisa la Uingereza lililokwisha kuachana na Roma, kiliagiza mtoto achovywe mara tatu: kwanza ubavu wa kulia, pili ubavu wa kushoto, mara ya tatu uso ukielekea chini. Akiwa dhaifu, amwagiwe. Ukiyasoma maelekezo hayo umesimama mbele ya bakuli la karne ya 12, unaelewa upana wake bila kuambiwa.

Kanisa jipya, kisima cha zamani

Jambo linalowachanganya wengi ni hili: kanisa zima ni la karne ya 15, madirisha marefu, paa la mbao lenye malaika, lakini kisima ni cha karne ya 12, kizito, kama gogo. Kama walikuwa na fedha za kujenga upya kila kitu, walishindwaje kununua bakuli?

Fikiria parokia na vigango vyake. Katika zama za kati kanisa mama ndilo lililokuwa na haki ya kubatiza na kuzika, na sadaka za shughuli hizo ziliingia huko. Kigango kilikuwa na altare na Misa, lakini mara nyingi hakikuruhusiwa kuwa na kisima cha ubatizo wala makaburi. Kwa hiyo bakuli lile la jiwe lilikuwa zaidi ya samani. Lilikuwa kama hati: hapa ni parokia, na ilikuwa parokia tangu enzi za babu zetu. Ukuta unaweza kuubomoa ukajenga mwingine. Hati ya zamani huibadilishi hivihivi.

Ndiyo maana vya karne ya 12 vimebaki vingi. Vingine vilisafiri mbali. Visima vya jiwe jeusi la Tournai, mji ulio katika Ubelgiji ya leo, vilivuka bahari vikiwa vimeshachongwa. Uingereza nzima havifiki kumi, na vinne viko Hampshire, kikiwemo cha kanisa kuu la Winchester chenye visa vya Mtakatifu Nikolao. Vingine ni bidhaa za machimbo ya nyumbani: jiwe la Purbeck, kutoka pwani ya Dorset, lilitoa visima vya pembe nane vyenye matao mepesi yasiyo na kina, vinavyofanana kijiji hadi kijiji kama viti vya plastiki vinavyofanana msiba hadi msiba. Watu wa sanaa huvipita bila kuvitazama. Mimi naona wanakosea, maana vinaonyesha kwamba tayari palikuwa na soko, oda na usafirishaji.

Vya risasi ni vichache zaidi, takriban 30. Gloucestershire kuna sita vilivyomiminwa kutoka kalibu moja. Cha Brookland, katika Kent, kina safu mbili za picha kuzunguka bakuli: juu ni alama 12 za nyota, chini ni kazi za mkulima mwezi kwa mwezi, na majina ya miezi yameandikwa kwa Kifaransa cha Wanormani. Mkulima asiyejua kusoma aliweza kuuona mwaka wake mzima umeuzunguka ubatizo wa mwanawe, kuanzia kukaa motoni wakati wa baridi hadi kuvuna na kuchinja nguruwe.

Wachongaji karibu wote hatuwajui kwa majina. Bridekirk, huko Cumbria kaskazini, ndiko mmoja alikokataa kusahaulika. Kwenye kisima chake aliandika kwa herufi za runi, za watu wa kaskazini, kwamba Richard ndiye aliyekitengeneza na kukifikisha kwenye uzuri huo, na jiwe lenyewe ndilo linalosema: "alinifanya mimi". Kisha, ili pasiwe na ubishi, akajichonga mwenyewe akiwa na nyundo na patasi, kazini.

Baadaye, katika karne ya 15, Norfolk na Suffolk walichonga aina yao: pembe nane, nyuso saba zikionyesha sakramenti saba, na uso wa nane ukabaki kwa picha nyingine, mara nyingi Ubatizo wa Yesu au Msalaba. Vimebaki karibu 40. Sura za watu katika vingi vyake zimekatwakatwa, na hizo si kufuli. Hizo ni nyundo.

Ilivyokuwa baada ya kazi kuisha

Nyundo zenyewe hazikupiga kila jiwe sawasawa. Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, yaliyoitenga Uingereza na Roma, yalipoingia, maji ya baraka ya mlangoni yalipigwa marufuku kama ushirikina. Bakuli lake likabaki bila kazi, na ndiyo maana leo lile utakalolikuta barazani mara nyingi ni nusu, ukingo umevunjwa ukasawazishwa na ukuta. Mwaka 1550 serikali ya mfalme Edward VI iliagiza altare za mawe ziondolewe. Pisina ikafuata: ikajazwa kifusi na kupakwa lipu. Huko kujazwa ndiko kulikoziokoa nyingi, maana mafundi wa karne ya 19 walipobandua lipu walizikuta zimelala salama, petali zote zipo.

Kisima cha ubatizo kilinusurika kwa sababu kazi yake haikufutwa. Waanglikana waliendelea kubatiza watoto, wakaendelea kuhitaji bakuli. Pigo lake lilikuja baadaye, wakati wa vita kati ya mfalme na Bunge. Mwaka 1644 William Dowsing, mtu wa Bunge aliyetumwa kuvunja sanamu katika makanisa ya mashariki, alifika Ufford, Suffolk, kwenye mfuniko wa kisima wa mbao wenye urefu wa futi 18 hivi, umenakshiwa kama mnara, na sehemu yake ya chini huteleza kupanda juu ya sehemu ya juu ili padri ayafikie maji. Aliandika kuwa ni wa fahari, kama taji la Papa la ngazi tatu, na juu yake ndege mwari anajidonoa kifua. Kwa kumsoma ungedhani aliuteketeza. Upo mpaka leo, na mwari wake yupo.

Mwaka uliofuata, 1645, mwongozo mpya wa ibada ulikataza kubatizia mahali ambapo visima vilisimama "enzi za upapa". Mhubiri alitumia beseni la kawaida karibu na mimbari. Visima vingi vikatolewa nje, na jiwe zito lenye shimo na tundu la kutolea maji haliwezi kukaa bure kijijini. Likawa hori. Ndiyo, hori lilelile la nyimbo zetu za Krismasi. Ufalme uliporudi mwaka 1660, parokia zikaanza kuyatafuta mawe yao au kuchonga mapya. Ukikuta kisima chenye mwaka 1661 au 1662 umechongwa kwa herufi kubwa, unajua kilichotokea.

Mengine hayakurudi upesi. Cha Deerhurst, Gloucestershire, chenye mizunguko ya nakshi za Waanglosaksoni iliyojaa bakuli lote, huhesabiwa miongoni mwa vya kale na vizuri kabisa nchini. Katika karne ya 19 bakuli lake lilikutwa shambani likitumika kuwekea maji. Mguu ulipatikana mahali pengine. Vikaunganishwa, vikarudishwa kanisani.

Na mwendo huo ulikuwa wa pande zote mbili, mawe yakitoka kanisani na mawe yakiingia. Kisima cha Wroxeter, Shropshire, ni kitako cha nguzo ya Kirumi kilichogeuzwa juu chini na kutobolewa, kikitoka kwenye magofu ya mji wa Kirumi uliokuwa papo hapo. Cha Chollerton, Northumberland, karibu na ukuta wa mfalme Hadrian, ni altare ya mungu Jupiter iliyopinduliwa kwa namna ileile ya Melbury Bubb.

Kwa hiyo unapoonyeshwa jiwe lenye shimo kwenye kona ya kanisa, na kadi iliyochapwa zamani inasema ni kisima cha ubatizo cha Wasaksoni, usiamini kabla hujapapasa. Tafuta bati la risasi au alama yake. Tafuta mapengo ya kufuli. Tafuta tundu, na ukilipata angalia liko wapi: la katikati chini ni la ibada, la ubavuni huenda ni la mwenye ng'ombe. Lisipokuwepo kabisa, papasa tena ndani. Kama chini pamekuwa laini na pamezama zaidi kuliko pembeni, na kwa nje jiwe lina masikio manne, moja likiwa na kijifereji cha kumiminia, basi halijawahi kumbatiza mtu. Hicho ni kinu, na kilitwanga viungo jikoni mwa mtu.